Kuchakaza Ndege Isiyowahi Kuruka

Modeli ya ndege ya kivita ni nakala ndogo ya ndege halisi, iliyopunguzwa kwa kipimo kimoja toka pua hadi mkia. Kipimo hicho, yaani skeli, huandikwa kwa sehemu: katika 1/72, kila sentimita moja ya modeli ni sawa na sentimita 72 za ndege yenyewe. Corsair, ndege ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili ambayo mabawa yake yalifika mita 12.5 kutoka ncha hadi ncha, kwa skeli ya 1/72 huwa na upana wa sentimita 17 na ushei. Kwa 1/48 hufika 26, na kwa 1/32 hufika 39, ukubwa unaodai kabati la peke yake. Namba hizi zinamshangaza aliyezoea mita, lakini zilizaliwa kwenye futi na inchi za Waingereza. Katika 1/72 inchi moja ni futi sita, kwa hiyo mtu mrefu anakuwa na kimo cha inchi moja. Katika 1/48 robo inchi ni futi moja.

Kazi yenyewe ina nusu mbili. Ya kwanza ni kuunganisha vipande na kupiga rangi. Ya pili, ambayo ndiyo inayowakesha wengi, ni kuchakaza: kuipa ndege isiyowahi kuondoka mezani alama za jua, moshi, mafuta, vumbi na buti za mafundi. Nusu ya kwanza inataka subira na mkono uliotulia. Ya pili inataka kujua ndege ile ilikuwa ikifanyiwa nini kila siku, na nani, na mahali gani.

Mwanzo wa mambo haya ni mbao. Mwaka 1932 zilitoka Uingereza seti za Skybirds, zilizobuniwa na James Hay Stevens, na ndizo zilizoipa skeli ya 1/72 miguu ya kusimamia. Mwaka 1936 kampuni ya Frog, ambayo tayari ilikuwa na jina kwa ndege za kuchezea zinazoruka kweli, ilitoa seti za plastiki za ndege zisizoruka na kuziita Penguin, kwa kuwa pengwini naye ni ndege asiyeruka. Plastiki ya wakati ule ilipinda kadiri miaka ilivyokwenda. Kisha vita vikaifanya modeli kuwa zana: mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge modeli 500,000 za mbao kwa skeli ya 1/72. Zilipakwa nyeusi tupu, ili askari ajifunze kuitambua ndege kwa umbo lake peke yake kabla hajaamua kuipiga au kuiacha ipite.

Baada ya vita ikaja polistirini, plastiki ngumu, nafuu na inayokubali gundi. Airfix, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka 1939 na kupata riziki yake kwa vitana, iliingia kwenye modeli za meli mwaka 1952 na baadaye za ndege. Ndege yake ya kwanza ilikuwa Spitfire, iliyouzwa katika maduka ya Woolworths kwa vijisenti ambavyo hata mtoto angeweza kuvidunduliza. Umbo lake lilikuwa na makosa yasiyofichika, na wanunuzi wala hawakujali. Usahihi ulikuja baadaye, na sehemu kubwa ya usahihi huo ilitoka mkoa wa Shizuoka nchini Japani, ziliko kampuni za Tamiya na Hasegawa. Tamiya ilianza mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao za ujenzi.

Boksi likifunguliwa, hakuna ndege ndani yake. Kuna fremu za plastiki ya kijivu ambazo vipande vimening'inia kama matunda mtini, kipande cha plastiki angavu kwa ajili ya vioo, karatasi ya nembo, na kijitabu cha michoro. Vipande hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili. Zinapokutana nusu hizo hubaki mstari mwembamba pembeni mwa kila kipande, na pini zinazokisukuma kipande kitoke huacha viduara vidogo. Kalibu nayo ina mipaka yake. Ukingo wa nyuma wa bawa la ndege halisi ni mwembamba sana, lakini plastiki ikiachwa na unene wa milimita moja, kwa skeli ya 1/48 hiyo ni karibu sentimita tano, unene wa ubao wa mlango. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hata gundi haijafunguliwa, ni kukata kwa koleo, kukwangua kwa kisu na kusugua kwa msasa.

Uunganishaji huanzia chumba cha rubani, kwa sababu nusu mbili za kiwiliwili zikishafungwa hakuna kidole kitakachoingia tena. Kiti, mikanda, usukani na saa za dashibodi hupigwa rangi vikiwa nje. Gundi inayotumika si ya kunata. Ni kimiminika chepesi kama maji ambacho huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, ziingiliane, kisha hukauka kwa kuyeyukia hewani. Vipande hushikwa pamoja vikiwa vikavu, brashi yenye gundi huguswa kwenye ufa, na gundi hukimbia yenyewe kuufuata ufa hadi mwisho. Tone likizidi, alama ya kidole hubaki kwenye bawa milele.

Panapobaki ufa, fundi yeyote wa kunyoosha bodi za magari angejua cha kufanya bila kufundishwa: puti, msasa, praima, kuangalia upya kwenye mwanga, kisha puti tena. Tofauti ni kwamba msasa wa modeli hufika namba za juu sana, na kosa analolisamehe mwenye gari halisameheki hapa. Mshono unaoonekana juu ya mgongo wa ndege huharibu kila kitu kitakachofuata, kwa kuwa ndege ya bati haina mshono wa namna ile. Mikwaruzo, mafuta na vumbi haviwezi kuuficha, huutangaza zaidi.

Rangi hupulizwa kwa bomba dogo linaloshikwa kama kalamu, likiendeshwa na kompresa. Brashi ya mkono inaweza kazi hiyo pia, ila huacha mistari, na unene ni adui: tabaka la rangi lenye unene wa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita ni dogo machoni, lakini kwa skeli ya 1/48 ni karibu milimita mbili na nusu, unene wa bati lenyewe au zaidi. Kwa hiyo rangi huzimuliwa kwa thina hadi iwe kama maziwa, na kupulizwa mara nyingi kwa kugusagusa. Wengi pia huiongezea nyeupe kidogo. Ndege halisi ikitazamwa kutoka mbali, hewa iliyo katikati huififisha rangi yake, na modeli iliyoko mkononi hutazamwa na jicho kana kwamba ni ndege iliyo mbali. Rangi iliyopimwa sawasawa na ya kiwandani huonekana nzito kupita kiasi kwenye kitu kidogo.

Corsair inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ni ndege chache zilizochakaa kama hiyo. Ilianza vita katika visiwa vya Solomon mwezi Februari 1943, na kikosi cha Marine cha Marekani kilichokuwa Guadalcanal. Mwaka huo ilipakwa bluu iliyokolea juu, bluu ya kati ubavuni na nyeupe tumboni. Nembo zake pekee zinatosha kueleza tarehe. Duara jekundu lililokuwa katikati ya nyota ya Marekani liliondolewa mwaka 1942 lisichanganywe na jua la Wajapani. Katikati ya 1943 nyota ikapewa mabawa meupe mawili yenye ukingo mwekundu, na haikuchukua miezi mingi ukingo huo ukageuzwa bluu, kwa hofu ileile ya wekundu. Anayebandika ukingo mwekundu kwenye ndege ya mwaka 1944 atasahihishwa na mtu wa kwanza atakayepita mbele ya meza.

Nembo hizo huloweshwa, huteleza kutoka kwenye karatasi yake na kukaa juu ya rangi. Kabla yake modeli hupuliziwa vanishi ya kung'aa. Si kwa ajili ya urembo: rangi isiyong'aa ina vinundu visivyoonekana, hewa hunaswa chini ya nembo, na nembo nzima huonekana kama ngozi iliyojaa malengelenge meupe. Vanishi hiyohiyo ndiyo ngao ya hatua zinazofuata.

Mpangilio mzuri wa kuchakaza ni ule uliofuatwa na maisha ya ndege yenyewe. Kwanza jua. Rangi za vita zilikuwa hazing'ai ili zisiakisi mwanga, na rangi ya namna hiyo hupauka haraka. Bluu ya Corsair ilipauka katika jua la Pasifiki hadi ikakaribia kijivu, lakini haikupauka sawasawa: mgongo ulitangulia, ubavu ukafuata, na kibati kilichobadilishwa jana kilibaki na bluu yake mbichi katikati ya bluu iliyochoka. Fundi wa modeli hupuliza bluu iliyopaukishwa katikati ya kila bati, na kuacha kingo zikiwa na rangi ya mwanzo.

Pili, uchafu wa kwenye maungio. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa sana kwa tapentaini huguswa kwa ncha ya brashi penye mstari mmoja tu, na mstari huo huinywa na kuipeleka mbele, ribiti kwa ribiti, kama maji yanavyofuata mfereji. Baada ya dakika kadhaa kitambaa chenye unyevunyevu wa tapentaini hufuta kilichozidi, kikivutwa upande ambao upepo ulikuwa ukipiga ndege ikiwa hewani, yaani kutoka mbele kwenda nyuma. Hapa ndipo vanishi inapolipa deni lake: vanishi iliyo chini ni ya maji, rangi iliyo juu ni ya mafuta, na tapentaini hufuta ya juu bila kuigusa ya chini.

Tatu, mikwaruzo. Kila panapochubuka pana sababu. Kila Corsair ya kawaida ya mwaka 1943 ilibeba bunduki kubwa sita, tatu katika kila bawa, na mafundi wa silaha walifungua vifuniko vyake kila mara risasi zilipojazwa. Skrubu zilichubua kingo, na buti zilichubua sehemu ya bawa iliyo karibu na kiwiliwili. Chubuko halisi hutengenezwa kwa kipande cha sponji kilichochovywa kwenye rangi ya fedha, kikakaushwa kwenye karatasi hadi kisibaki kitu, kisha kikaguswa kwa woga. Nukta ya nusu milimita kwa skeli ya 1/48 ni chubuko la karibu sentimita mbili na nusu. Kumi za namna hiyo zikipangana, ndege inaonekana imeliwa na panya.

Bawa la nje la Corsair za mwanzo linamtega asiyejua. Sehemu yake ya nyuma haikuwa bati, ilikuwa kitambaa kilichovutwa na kupakwa rangi. Kitambaa hakichubuki kikatoa fedha, kwa kuwa chini yake hakuna fedha. Wala aluminiamu haipati kutu nyekundu, ingawa wageni wa kazi hii hupenda sana kuipaka. Na praima nayo ina maneno yake. Viwanda vya Marekani vilitanguliza praima ya kijani-manjano, kwa hiyo chubuko la juujuu linaweza kuonyesha rangi hiyo kabla ya kufika kwenye bati. Baadhi ya ndege za Jeshi la Nchi Kavu la Japani zilitoka kiwandani bati tupu, kijani ikapakwa baadaye uwanjani bila praima yoyote. Rangi hiyo ilibanduka kwa vipande vipana kama magamba.

Kwa mbanduko wa namna hiyo sponji haifai. Modeli hupakwa fedha yote, ikapuliziwa dawa ya kushikiza nywele ile ya saluni, kisha rangi ya maji juu yake. Rangi ikikauka, brashi ngumu yenye maji ya uvuguvugu husuguliwa taratibu. Maji hupenya, dawa huyeyuka, na rangi iliyo juu hubanduka mahali pasipotabirika, jambo ambalo mkono wa binadamu peke yake hauliwezi. Njia ya zamani zaidi ni chumvi ya mawe: punje hunatishwa kwa maji juu ya fedha, rangi hupulizwa, kisha punje hukwanguliwa na kuacha mashimo. Kiswahili kina neno kwa anayezidisha, na hapa halina haja ya kufafanuliwa: ametia chumvi.

Nne, vimiminika. Corsair ilikuwa na tangi kuu la petroli mbele ya rubani, na petroli ilipenya kwenye maungio ikapeperushwa hadi kwenye kioo chake. Dawa ya vikosini ilikuwa utepe mweupe uliobandikwa juu ya maungio hayo, na utepe huo uliochafuka unaonekana katika picha nyingi za wakati ule. Ni utepe wa dakika tano kuutengeneza, na hakuna kingine kinachoeleza ndege hii zaidi. Injini yake ya silinda 18 ilitapika oili, nayo huvuta vumbi na kuacha michirizi ya kahawia tumboni. Moshi una rangi mbili: mchanganyiko wenye petroli nyingi, kama wakati wa kupaa, hutoa masizi meusi, lakini katika mwendo mrefu wa kubana matumizi madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli ya ndege huacha utando wa kijivu uliofifia. Anayepaka masizi meusi peke yake amesema nusu ya habari.

Mwisho ni vumbi. Viwanja vya ndege vya visiwa vya Solomon, kama Munda, vilitandazwa matumbawe yaliyosagwa, na vumbi lake jeupe, ambalo mkazi wa Pwani hahitaji kuelezwa, lilipanda kwenye tairi, miguu ya kutulia na tumbo. Huwekwa kwa unga wa rangi uliosagwa laini na brashi kavu, mkono ukiwa mwepesi.

Namna hizi hazikuanzia kwenye ndege. Nyingi ziliazimwa kwa waundaji wa vifaru na mandhari za vita. Sheperd Paine, Mmarekani, alionyesha katika vijikaratasi vilivyowekwa ndani ya maboksi ya kampuni ya Monogram miaka ya 1970 jinsi modeli inavyosimulia tukio. François Verlinden wa Ubelgiji akaeneza matumizi ya rangi za mafuta, na baadaye mafundi wa Hispania wakazidisha ukali wa mwanga na kivuli hadi modeli ikawa kama mchoro wa msanii.

Ugomvi mkubwa wa wapenzi wa fani hii umezaliwa hapo. Upande mmoja hutaka kila bati lionyeshe vivuli vyake. Mwingine huuliza swali lisilopendeza: ndege iliyoishi wiki sita kabla ya kuangushwa ilipata lini uchakavu wa miaka kumi? Swali hilo lina uzito. Mafundi wa vikosini waliosha ndege zao, wengine wakazisugua zing'ae ili zipate kasi kidogo zaidi. Kwa upande mwingine, picha za visiwani zinaonyesha Corsair zilizochakaa kuliko modeli yoyote. Jibu la haki ni kwamba modeli nzuri huiga ndege moja, yenye namba yake ubavuni, katika mwezi unaojulikana, na picha yake ndiyo hakimu. Picha nyingi ni za nyeusi na nyeupe, na filamu za aina fulani zilionyesha nyekundu kama nyeusi, kwa hiyo hakimu mwenyewe huhitaji kuhojiwa.

Kuna pia kuchanganya ndege iliyochakaa na ndege iliyokufa. Mwaka 2012 ilitangazwa kupatikana kwa ndege ya P-40 ya jeshi la anga la Uingereza katika jangwa la Misri, ile aliyoirusha Dennis Copping na kuanguka nayo Juni 1942. Mchanga uliokuwa ukipulizwa na upepo kwa miaka 70 ulikuwa umekwangua rangi yake hadi bati tupu likang'aa. Wengi waliiona picha hiyo wakakimbilia kwenye brashi. Lakini P-40 iliyokuwa bado ikiruka jangwani ilikwanguliwa mahali pachache tu, hasa kwenye rafadha na kingo za mbele za mabawa, ambako mchanga ulipiga kwa nguvu.

Hatari za kazi hii si nyingi, ila zipo. Thina na gundi hutoa mvuke usiofaa kuvutwa, kwa hiyo dirisha liwe wazi na barakoa ya kuchuja mvuke ivaliwe wakati wa kupuliza. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote. Visu husukumwa kwenda mbali na vidole. Gharama inaanzia chini, kwani seti ya 1/72, brashi mbili na chupa tano za rangi zinatosha kwa modeli ya kwanza. Kompresa inaweza kusubiri ya tatu.

Waundaji hukutana. Chama cha kimataifa cha waundaji wa modeli za plastiki, IPMS, kilianzia Uingereza miaka ya 1960, na maonyesho yake makubwa hufanyika Telford kila Novemba. Shizuoka huwa na yake mwezi Mei. Kwenye mashindano, waamuzi wazoefu hawaanzi na mikwaruzo. Huinama usawa wa meza na kutazama kama mabawa yapo sambamba, kama magurudumu yote yanagusa chini, na kama mshono wa mgongoni umekwisha.

Modeli iliyokamilika hupuliziwa vanishi ya mwisho isiyong'aa na kuwekwa ndani ya kasha la kioo. Vumbi la Munda lililopakwa kwa unga limeshikiliwa na vanishi hiyo. La sebuleni haliheshimu skeli: unywele mmoja ukitua juu ya bawa la 1/48 unakuwa kamba yenye unene wa milimita tatu, na chembe ya mchanga inakuwa jiwe. Likiingia, huondolewa kwa brashi laini ya vipodozi, kutoka mbele kwenda nyuma, upande uleule wa upepo.